Timu Yangu Ilipopelekwa Bukoba na Mwingine

Siku niliyoripoti kazini, katika chuo cha ualimu upande wa Muleba, Mkuu wa Chuo alinikabidhi mpira mmoja na filimbi, akanionyesha uwanja wa udongo kando ya migomba. "Ndugu Yustina," akasema, "kila mwaka tunakwenda Bukoba mjini kucheza kikapu na chuo cha wenzetu, na kila mwaka tunafungwa. Nimechoka."

Wanachuo wangu walikuwa mabinti wa wakulima. Mikungu ya ndizi waliibeba bila shida, ila mpira wa kikapu wengi wao walikuwa hawajaugusa. Niliwafundisha kudunda bila kuutazama mpira. Niliwafundisha mguu wa kuegemea, yaani ukishadaka, mguu mmoja haubanduki chini, unazungukia hapo hapo ukitafuta wa kumpasia. Asubuhi tulipalilia shamba la chuo, maana ndiyo ilikuwa Elimu ya Kujitegemea. Jioni tulicheza mpaka vumbi likatuganda magotini.

Walipoiva, akaletwa Mkufunzi Deusdedit kutoka Dar es Salaam, mrefu, mwenye raba nyeupe. Mchezo ulipokaribia, Mkuu akaniita.

"Deusdedit ataongoza timu. Amecheza mashindano makubwa. Wewe baki usimamie uchumaji wa kahawa."

"Mkuu, hawa nimewalea mimi."

"Timu ni ya chuo, Ndugu Yustina. Si ya mtu."

Nikaenda kupanga zamu za kuchuma kahawa. Lakini siku ya mchezo nilimwomba mwenzangu anishikie zamu ya kahawa, nikapanda basi peke yangu.

Nilisimama nyuma ya watu wa Bilele, mtaa wa pale mjini, waliojaa uwanjani. Mabinti wangu waliegemea, wakazunguka, wakapasi kama nilivyowafunza, na kila walipofunga watu walimshangilia Deusdedit. Nilitamani washinde. Nilitamani pia wafungwe, yeye aone aibu. Wakashinda kwa kikapu kimoja, wakambeba mabegani. Editha, kapteni wangu, aliponiona alinikimbilia akihema.

"Mwalimu, kumbe umekuja! Umemwona Mwalimu Deo lakini?"

"Nimemwona," nikasema.

Mwaka uliofuata Deusdedit alihamishiwa Tabora. Mkuu mpya, mama mpole, alinirudishia timu, tukashinda Bukoba mara nyingine. Hata hivyo mabinti waliendelea kuniambia, "Mwalimu Deo angefanya hivi." Niliwafundisha hata waliomjua kwa kusimuliwa tu, mpaka nikastaafu.

Juzi juzi nikakutana naye harusini Rubya, mzee mwenye mkongojo, bado mrefu.

"Ma Yustina! Habari za miaka?"

"Nzuri, waitu," nikamjibu kwa heshima ya Kihaya. "Unaukumbuka ule mchezo wa Bukoba?"

"Mchezo upi?"

"Ule ambao walikubeba mabegani."

Akafikiri, akacheka. "Nilibebwa? Haki ya Mungu, sikumbuki. Nakumbuka baridi ya kule kwenu tu."

Akaendelea kula ndizi zake kwa raha. Mimi chakula kilinishinda. Miaka yote ile nimelala na mchezo ule na kuamka nao, mwenzangu hakuwa nao hata siku moja. Nikamwonea wivu hata kwa kusahau kwake.