Baba Alipoisalimia Mashini

Mtu wa kwanza kunihoji kwa ajili ya staji ya kujifunza kazi aliniuliza, kwa upole kabisa, kama nilikuwa nimewahi kuandika programu hata siku moja.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa informatika hapa Kasongo. Wenzangu walinifuata mpaka nyumbani kwa shangazi, ambako nilikuwa nakaa, ili niwaeleze masomo kabla ya mitihani. Na sasa bwana huyu, akiwa ofisini kwake Kinshasa, alikuwa ananiuliza swali ambalo mtu humuuliza mtoto.

Sababu ya swali hilo ilikuwa ndogo. Kwenye fakilte yetu wanafunzi ni wengi na mashini za kompyuta ni chache, na kati ya hizo chache kuna zinazokaa mezani tu kama pambo. Kwa hiyo tulijifunza kuandika programu kwenye karatasi. Profesa aliandika ubaoni, sisi tukaandika za kwetu kwa biki, asista wake akasahihisha kwa wino mwekundu. Kwa njia hiyo nilikuwa hodari. Lakini bwana yule alitaka nimfungulie skrini aone ninavyoandika, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye sibere, duka la intaneti lililo nyuma ya soko, mbele ya klavye ambayo herufi zake zilikuwa zimefutika kwa vidole vya watu.

Nilianza vizuri. Kisha nikahitaji yale mabano yaliyojipinda katikati, yanayofungua na kufunga kila kipande cha programu. Kwa mkono nilikuwa nimeyachora tangu mwaka wa kwanza, mpaka naweza kuyachora nimefumba macho. Kwenye klavye sikujua yalipo. Nikabonyeza hapa, ikatoka namba. Nikabonyeza pale, maandishi yote yakapotea. Katika ekuteri za masikioni nilikuwa namsikia anavyopumua, anangoja. Ndipo akauliza swali lake. Nikaendelea kuyatafuta mabano, naye akanitakia siku njema na kukata.

Nilirudi kwa miguu, na ile njia ya kwenda kwa shangazi ambayo naijua kama kiganja changu, siku hiyo niliipitiliza, nikajikuta nimefika kwenye parokia bila kujua nimefikaje.

Asista wetu mmoja, kijana mwenye huruma, aliposikia habari hii alicheka kwanza, halafu akanikubalia nikae kwenye mashini yake mchana, wakati yeye anafundisha. Vidole vyangu vikajifunza upya kile ambacho kichwa kilikuwa kinakijua. Niliandika maombi mengine. Kampuni nyingi hazikujibu. Moja tu, ya nchi za nje, ilijibu haraka: nimechaguliwa kwa mahojiano, niwe tayari siku fulani asubuhi, niwe na kamera na mahali penye utulivu.

Kosa langu, kama ni kosa, ni kwamba niliwapigia simu wa nyumbani. Nyumbani ni kijijini Lusangi, na wazazi wangu ni wakulima. Nilimwambia mama kwamba wakubwa wa kampuni wanataka kuniona. Sikufikiri neno hilo lingekwenda mbali. Asubuhi ya siku yenyewe nilimkuta baba amesimama mlangoni kwa shangazi, na baiskeli yake imejaa vumbi mpaka kwenye usukani. Alikuwa amevaa koti lake la ibada. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga jogoo.

"Baba, uko hapa kufanya nini?"

"Nimekuja kwa wakubwa wako," alisema. "Mutu akimuchukua mutoto wa wenyewe kumupa kazi, lazima aone huyo mutoto iko na wazee wake."

"Lakini wao hawako hapa. Wako mbali, tunaongea kwa mashini."

"Najua," alisema baba, na kwa kweli sikujua anajua nini. "Nitawasalimia kwa ile mashini. Jogoo atabaki kwa shangazi yako."

Mwenye sibere ni baba mmoja Mwislamu anayeheshimika mtaani. Alitupa chumba cha nyuma, akawaomba vijana waliokuwa wakitazama mpira wapunguze sauti. Baba akaketi kwenye kiti cha plastiki kando yangu, mahali ambapo kamera haimuoni, mikono juu ya magoti. Niliweka sauti itoke nje, si kwenye ekuteri, kwa sababu sikutaka baba akae kama kiziwi. Saa ilipofika nikabonyeza.

Ikatoka sauti ya mwanamke, Kifaransa safi, tamu. Ilinikaribisha kwa jina langu. Lakini uso haukuwepo. Kwenye skrini kulikuwa na duara la buluu tu, lililokuwa likitanuka sauti inapoongea na kujikunja inaponyamaza.

Nilidhani kamera yake imeharibika. Nikasema, "Samahani, madame, sikuoni."

"Mimi ni msaidizi wa kidijitali wa kampuni," sauti ikajibu. "Nitakuuliza maswali, na majibu yako yatachambuliwa. Uko tayari?"

Nilielewa kila neno, na bado sikuelewa. Nilikuwa nimesoma darasani kwamba programu za namna hii zipo. Niliweza hata kueleza kwa kiasi fulani zinavyofanya kazi. Lakini nilikuwa nimepiga pasi blauzi yangu, nimeazima hereni za binti wa shangazi, na baba yangu alikuwa ametoka Lusangi kwa baiskeli, ili nihojiwe na duara.

Baba, ambaye Kifaransa chake ni kidogo, aliona nimenyamaza. Akafikiri huo ndio wakati wake. Akasimama, akavuta koti, akainama mbele ya kamera.

"Jambo, mama," alisema kwa Kiswahili, taratibu. "Habari ya kwenu? Miye ni baba yake. Huyu ni mutoto wetu wa kwanza kufika chuo. Tunamuweka mikononi mwenu."

Duara likajikunja, likakaa hivyo kidogo, likatanuka. "Asante kwa jibu lako," ilisema sauti kwa Kifaransa. "Tuendelee na swali linalofuata."

"Anasema nini?" baba akaniuliza.

"Anasema asante."

Baba alingoja, bado ameinama. Alikuwa akingoja habari ya nyumbani, habari ya mashamba, angalau karibu. Sauti ikaniuliza nieleze wakati ambapo nilitofautiana na mwenzangu wa kazi na jinsi nilivyotatua. Baba akatazama skrini, akanitazama mimi.

"Huyu mama iko wapi?"

"Hakuna mama, baba. Iko mashini tu."

"Mutu hayuko?"

"Hayuko."

Alirudi kwenye kiti polepole, akaketi. Nilijibu swali. Nilijibu na lililofuata, na mengine. Kila mara sauti ilinishukuru kwa utamu uleule. Kuna swali moja nilishindwa kulijibu, na baada ya kimya kile sauti ikasema, "Asante kwa jibu lako." Nilihisi kwamba hata ningeanguka chini nikafa, ningeshukuriwa.

Mahojiano yakaisha. Nilikuwa bado nakunja waya wa ekuteri ambazo sikuzitumia wakati barua ilipoingia kwenye simu. Walisema wamelisoma faili langu kwa umakini mkubwa na wamesikitika. Nilimsomea baba kwa Kiswahili.

"Wamekwisha soma?" aliuliza. "Sasa hivi?"

Mwenye sibere, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitazama pembeni. Tukatoka, tukaenda kwa mama mmoja anayeuza wali na sombe ya majani ya muhogo sokoni. Baba alikula kidogo, akasukuma sahani.

"Ile mashini, nani aliitengeneza?"

"Watu, baba. Watu waliosoma kama miye."

"Hawakuifundisha kusalimia," alisema. Hakuwa na hasira. Nadhani alikuwa ameshtuka kuliko mimi, maana mimi nilikuwa na maneno ya kuelezea kilichotokea, na yeye alikuwa na lile koti tu. Alipanda baiskeli yake siku hiyohiyo. Jogoo tulimla Jumapili, na mimi sikupata ladha yake.

Niliacha kuandika maombi. Likizo ilipofika nikaenda Lusangi kuvuna mpunga na wenzangu wa nyumbani, na nilifurahi kwamba huko koneksio haifiki. Inafika mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kilicho mwisho wa shamba letu, na wenye simu hupanda pale kwa zamu. Nilikuwa nimepanda kumtumia shangazi ujumbe wakati simu ilipolia. Namba sikuijua.

"Jambo, dada. Niko Kindu," ilisema sauti ya mwanamke, na nyuma yake nikasikia mtoto analia na pikipiki inapita. "Asista wako alinipa namba yako. Tunatengeneza programu za vituo vya afya. Uko na nafasi ya kuongea kidogo?"

Nilisema niko nayo. Nilikuwa na mundu mkononi na matope mpaka magotini.

Alianza kuniuliza, na alikuwa akiuliza kwa Kiswahili. Katika miaka yangu yote ya masomo sikuwahi kumsikia mtu akiongea kazi hii kwa lugha ninayoombea chakula. Aliuliza nitafanyaje ili programu iendelee kufanya kazi kwenye kituo ambacho koneksio inakuja na kupotea. Nikamwambia kila kitu kihifadhiwe kwanza kwenye simu ya muuguzi, kisha kitumwe chenyewe koneksio ikirudi.

"Lakini, dada," nikaongeza, "kama wauguzi wawili wamebadilisha dawa ya mgonjwa mmoja wakati hakuna koneksio, tutafuata ya nani?"

Nikamsikia akimwita mtu asogee asikilize.

"Ndilo tunaloshindania hapa wiki nzima," alisema. "Wewe ungefanyaje?"

Nilimwambia mashini isichague yenyewe. Izihifadhi zote mbili, imwite mtu aamue. Tulibishana kidogo juu ya hilo, naye akanishinda mahali pamoja, mimi nikamshinda mahali pengine. Halafu akasema, kama mtu anayeagiza chumvi, "Sawa. Utafanya staji kwetu. Utabaki hapo Kasongo, tutakutumia mashini na motari wa pikipiki anayeaminika. Unakubali?"

Nilikubali, sijui kwa maneno gani. Najua kwamba alicheka, akaaga, na mimi nikabaki juu ya kichuguu nimeziba mdomo kwa mkono. Kwetu simu inayomsimamisha mtu hivyo huwa inaleta jambo moja. Mama aliniona kutoka kwenye mistari ya mpunga. Alitua kikapu chini, akaja mbio huku anafungua kitambaa cha kichwa, na baba nyuma yake.

"Nani amekufa?" mama aliuliza.

Nilitikisa kichwa. Nilipowaambia, mama hakuamini. Alinishika mabega, akarudia kuuliza nani amekufa, mpaka nikaapa kwamba wote wazima. Ndipo alipokaa chini palepale kwenye matope na kulia, ingawa hakuna aliyekufa.

Baba alibaki amesimama. "Leo alikuwa mutu?" aliuliza.

"Mutu, baba. Mwanamke. Iko Kindu, na mutoto wake alikuwa analia."

"Alikusalimia?"

"Alinisalimia."

Baba alichukua mundu kutoka mkononi mwangu. Mvua ilikuwa inakusanyika upande wa Salamabila, na nusu ya shamba ilikuwa bado. Tukarudi kuvuna, baba akikata kwa mundu wangu, mimi nikikusanya nyuma yake.