Ukuta Ambao Ng'ombe Aliukataa

Tarehe 2 Oktoba 2021, Bonaventura Akonaay wa Bashay, wilayani Mbulu, alihamia katika nyumba ambayo kuta zake ni marobota ya mabua ya ngano. Aliyasomba kutoka Hanang baada ya mavuno, akayapanga juu ya msingi wa mawe, akayasiriba kwa udongo uliokandwa na samadi. Alijenga hivyo kwa ajili ya mkewe, Efrazia, ambaye pumu humbana kila baridi inaposhuka.

Wakati wa ujenzi ng'ombe wake mwekundu alikuwa akinyofoa ukuta. Jirani yake, Hhando, alipata la kusema. "Baba Hilda, malisho yakiisha utatuuzia sebule?"

Nyumba ilitunza joto. Efrazia aliacha kukesha ameketi kitandani akitafuta pumzi. Udongo ulilowa kwa ukungu wa asubuhi, ukakauka kwa jua la mchana. Kila kiangazi ulitaka kusiribwa upya, na Bonaventura aliusiriba.

Kisha Hilda, binti yao, akachumbiwa na kijana wa Dongobesh. Kabla wakwe hawajafika, Bonaventura aliipiga nyumba lipu ya saruji nje yote, akapaka rangi ya maziwa. Wakwe waliisifu. Hhando alinyamaza, na hilo lilimfurahisha mwenye nyumba kuliko sifa.

Lipu ilipasuka upande wa magharibi, mvua inakopiga. Maji yaliingia kwenye nyufa yasipate pa kutokea. Masika ya mwaka huu chumba kilianza kunuka uvundo, na kifua cha Efrazia kikabana tena. Bonaventura alisema ni vumbi.

Wiki iliyopita Efrazia alichukua jembe, akabandua lipu chini ya dirisha, akachomoa konzi ya mabua meusi na kuipeleka zizini. Ng'ombe yule mwekundu aliinusa, akageuza kichwa.

"Baba Hilda, hata huyu hataki."

"Nitapaka dawa ya kuvu."

"Ndani ya ukuta utapakaje?"

Hhando, aliyekuwa ameegemea wigo, safari hii hakutania. Aliuliza tu kama kuna jembe la pili.

Ukuta wa magharibi utabomolewa Jumamosi. Mabua mapya hayatapatikana hadi mavuno, kwa hiyo Efrazia atakwenda kukaa Dongobesh, nyumbani kwa wakwe wale wale, na Bonaventura atabaki katika nyumba yenye kuta tatu.