Tuta Lisilokatwa

Mke wangu alilazwa hospitali ng'ambo ya mpaka miezi mingi, nami nikabaki na tuta lake la maua, mbele ya nyumba, kwenye mteremko unaotazama ziwa. Mwanzoni aliniongoza kwa simu. Maua marefu ya kana yenye majani mekundu yakae nyuma, arumu nyeupe mbele yake, hortensia za buluu chini. "Rangi mbili zikigombana, tia majani katikati," alisema. Nikang'oa, nikahamisha, nikanung'unika. Asubuhi, ukungu ulipopanda kutoka ziwani ukafuta kila kitu, ni zile arumu tu zilizobaki zikielea hewani, nami nikasimama kuzitazama mpaka chai ikapoa mkononi.

Kisha akaacha kuuliza habari za maua. Sauti yake ikapungua, akawa mtu wa kuitikia tu. Niliogopa. Niliogopa kwamba watanirudishia mtu mwingine mwenye sura yake.

Kwetu maua ya nyumbani ni ya kanisa. Kila Jumamosi akina mama wa parokia hupita na visu na ndoo kukata ya kupamba madhabahu, wakatuachia mashina. Jumamosi ile, kwa kuwa mke wangu alikuwa anarudi kesho yake, niliwazuia langoni. Mimi nina hasira za karibu, na wanajua.

"Papa, unamunyima Mungu?" mmoja akauliza.

"Mungu anaonaka maua kila siku, maman. Bibi yangu hapana."

Wakacheka, wakaenda na ndoo tupu.

Jumapili alishuka kwenye teksi, amekonda, kitenge kimemzunguka mara mbili. Nilimshika mkono hadi mbele ya tuta. Lilikuwa zuri, hata mimi niliyelipanga nilishangaa. Alilitazama toka juu hadi chini, kisha akatazama langoni.

"Bamama ba kanisa habakukuya?" akauliza.

"Nilibakatalia. Juu yako, ulione."

"Sasa altari iko mutupu. Na bantu bote banajua maua iko yangu."

Akadai kisu. Nilipomwambia apumzike kwanza, aliniangalia vilevile alivyoniangalia zamani nilipopanda vitu ovyo. Akainama polepole, akakata arumu zote, huku akinilaumu kwamba hortensia nimezibana. Machozi yakanitoka, nikajifanya ninashughulika na ndoo.

"Usisimame hapo," akasema. "Misa ya pili inaanza."