Gesti Niliyomchagulia Mama Mkwe

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Niliishia darasa la saba, na herufi zangu zinalala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Mkikuta l mahali pa r, someni tu, mtaelewa. Kijijini kwetu Buswahili hata mwalimu alikuwaga anazichanganya. Naandika polepole, lakini ninachoandika ni kweli: mimi ni mjinga, na ujinga wangu ni wa kujitakia. Ningekuwa mjinga wa kuzaliwa, angalau ningehurumiwa.

Nina mchumba huko Bunda. Nitamwita Nyangeta, ingawa si jina lake. Wazazi wake ni wakulima wa pamba na wana ng'ombe. Ni watu wa kanisa, lakini mila hawajaziacha. Posa yangu ilishapokelewa. Kilichokuwa kimebaki ni wazee wa pande mbili kukaa na kukubaliana mahari.

Mama yake macho yalianza kuingia ukungu. Hospitali ya Bunda wakamwambia aende Musoma kwa mtaalamu, na ajiandae kulala, maana leo wanapima na kesho wanaangalia tena. Baba yake akanipigia simu.

"Mkwe," akasema, "Musoma wewe ndiye unayepajua. Tutafutie pa kulala. Pasafi, patulivu. Mama yako hapendi makelele."

Ndugu msomaji, mimi Musoma naijua soko na stendi! Napelekaga mihogo, nauza, narudi. Lakini kuitwa mkwe na mzee yule kulinilevya. Nikajibu, "Baba, hilo niachie mimi."

Nina shangazi anayekaa Makoko, hapo hapo Musoma. Nilipomwuliza, hakufikiri hata kidogo.

"Wapeleke hosteli ya kanisa. Vitanda vya chuma, shuka safi, na choo na bafu viko humo humo chumbani. Wewe utalala hapa kwangu. Mtu halali paa moja na mama mkwe, tena kabla ya ng'ombe wa mahari kutoka! Umenisikia?"

"Nimesikia, shangazi."

Nikaenda kuiona hosteli. Nikaidharau! Hakuna televisheni, hakuna taa za rangi, na mlangoni amekaa mama mmoja anachambua mchele. Nikajisemea, hapa ni pa watu wa vijijini. Mimi nasema hivyo! Mimi ambaye viatu vyangu vilikuwa na tope la Buswahili mpaka kwenye kamba!

Nikaingia mtaa wa pili. Huko nikakuta gesti iliyopakwa rangi ya zambarau, ina ua la plastiki mlangoni na bango la Kiingereza. Chini ya Kiingereza wameandika: Kulala na Chai ya Asubuhi. Ndani, ukutani, pana picha ya ziwa kubwa kuliko dirisha. Dirisha lenyewe linatazama ukuta wa gereji. Ziwa halisi liko karibu, lakini wao wanaona picha inatosha. Na mimi nikaona inatosha!

Dada wa mapokezi alikuwa anachezea simu. Hakuinua uso.

"Unataka self au ya kawaida?"

Hapo ndipo nilipojimaliza. Sikujua self ni nini. Nilichowahi kusikia ni self savisi, kwenye mgahawa wa stendi, pale mtu anapojipakulia chakula mwenyewe. Nikadhani chumba cha self ni kile ambacho mgeni anajitandikia, anajichotea maji, na akiondoka anafua shuka. Ningeuliza tu, "Dada, self ndiyo nini?" Lakini mbele ya msichana aliyepaka rangi kucha, ulimi wangu hukauka. Na mwoga akishindwa kuuliza, hujitutumua.

"Wakwe zangu si watu wa self, dada," nikasema. "Ni watu wazima. Nipe ya kawaida, ila iwe nzuri."

Sasa akainua uso. Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeingia benki.

"Haya, kaka. Si watu wa self." Akarudi kucheka na simu yake.

Wewe unayejua umeshacheka. Cheka! Self ni chumba chenye choo na bafu ndani. Mimi niliwakatalia wazee wa watu choo, na niliwakatalia kwa majivuno.

Hilo lingesameheka. Sasa nasema lile linaloniumiza.

Tangu nizaliwe sikuwahi kulala gesti. Nilipoona vile vitanda na televisheni, tamaa ikanishika. Na chai ya asubuhi ya kuletewa! Wakwe walipofika nikawapeleka chumbani, nikawaaga kwa adabu, nikasema, "Mimi naenda kulala Makoko kwa shangazi." Shangazi nikampigia, nikamwambia nimerudi Buswahili. Kisha nikazunguka nyuma, nikachukua chumba cha mwisho kwenye korido ile ile. Watu watatu wananiamini, na wote nimewadanganya kwa sababu ya yai la kuchemsha!

Starehe yenyewe sasa. Godoro lina nailoni, ukigeuka linalia. Televisheni ina chaneli moja, na humo kuna mtu anauza dawa ya nguvu. Taulo ni jepesi, ukiliweka juu ya gazeti unasoma habari zote. Nikalala humo nikitabasamu, bwege mimi, najiona mheshimiwa.

Alfajiri nikaenda kuoga mapema ili niwahi kutoka bila kuonekana. Bafu ni moja kwa korido nzima. Mlango wake hauna komeo, una kamba ya kufunga kwenye msumari, na msumari wenyewe unacheza. Nilikuwa nimejipaka sabuni mwili mzima mlango uliposukumwa.

Mama mkwe! Kanga kifuani, ndoo mkononi.

Nikaganda. Nikakumbuka ukungu wa macho yake, nikasema moyoni, labda haoni vizuri. Nikasimama kama nguzo. Na kweli hakunitambua! Akageuza uso haraka, akasema, "Samahani baba, nilidhani hakuna mtu."

Alikuwa anafunga mlango. Anafunga kabisa! Ningenyamaza, leo nisingekuwa naandika. Lakini mimi, ambaye mdomo haufunguki panapotakiwa, ndipo ukafunguka.

"Hamna shida, mama."

Macho yake yalikuwa mabovu, masikio yake ni mazima. Ndoo ikaanguka.

"Yesu wangu!" Akakimbia korido nzima amejifunika uso kwa kanga. Nikasikia mzee anauliza kuna nini.

"Mkwe wako yuko bafuni, uchi!"

"Mkwe yuko Makoko."

"Basi Makoko imehamia bafuni!"

Nilipotoka nimevaa, walikuwa wameshaondoka. Hospitali hawakwenda. Walirudi Bunda na macho yale yale waliyokuja nayo. Na ile chai ya asubuhi ikaletwa, sahani za watu watatu, mbele yangu peke yangu. Mkate mkavu, mayai yaliyochemshwa mpaka kiini kikawa cha kijani, na chai inayofanana na maji ya kusuuzia sufuria. Yule dada akapita.

"Kaka, wale wasio watu wa self wako wapi?"

Nikainamia sahani kwa aibu. Lakini mayai nilikula. Nayasema haya ili mjue ni mtu wa aina gani anayewaandikia.

Kwetu, mama mkwe kumwona mkwe wake vile ni mwiko. Mwenye mwiko hatembei kwa watu mpaka wazee waushughulikie. Kwa hiyo mama yuko ndani, na ukungu unazidi. Baba yake alinipigia mara moja tu, na safari hii hakuniita mkwe.

"Kijana, mama amesema njia ni mbili. Ukitaka kuwa mkwe wake, uje usimame mbele ya wazee wote, useme kwa mdomo wako ulidanganya nini na kwa nini, ndipo watusafishe. Ukishindwa, jitoe. Ukijitoa, wewe si mkwe tena. Atakuwa amemwona kijana mmoja anaoga, basi, na kesho yake anakwenda hospitali."

Nyangeta naye hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. "Uchi haunisumbui," akasema. "Ungesema ukweli kwamba unalala hapo, mama angejifungia mpaka utoke. Sasa chagua. Ila mimi usinichague kwa kuangalia rangi ya ukuta."

Vijana wenzangu, mkitumwa kutafutia wazee pa kulala, ingieni mpaka chooni. Fungeni mlango mwone kama unafungika. Neno msilolijua ulizeni, hata kama anayeulizwa atawacheka. Kicheko cha mapokezi kinaisha hapo hapo. Cha watu wa Bunda bado nakisikia! Na ukisema unalala Makoko, nenda ukalale Makoko.

Mimi nimeitwa na wazee mara mbili. Mara ya kwanza nilituma ujumbe kwamba naumwa. Mara ya pili nilifika mpaka Bunda, nikaona viti vimepangwa uani, nikageuza. Mama wa watu anapapasa ukuta kwenda jikoni, kwa sababu mimi naona haya! Wamesema watakaa mara ya mwisho pamba ikishavunwa, na pamba imeanza kupasuka.

Naombeni mniandikie kupitia gazeti hili. Matusi nimeshajitukana, hayo acheni. Niambieni kitu kimoja tu: mtu akishasimama mbele ya wazee, na mama mkwe amekaa pale amefunika uso, neno la kwanza analisemaje?