Kwikwi za Baba Kanisani

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, pale Kihanga, na hajawahi kuonja rubisi, pombe yetu ya ndizi. Moyo wake ulipoanza kupiga polepole mno hadi akaanguka shambani, tulimpeleka Mwanza akawekewa betri ya moyo, chini ya ngozi, karibu na bega la kushoto, na waya wake ukaingizwa moyoni kuukumbusha kupiga. Alirudi na nguvu zake, na kitu cha kuwaonyesha wageni.

"Gusa hapa. Inacheza," aliwaambia majirani. Na kila alipoongea aliizungusha kwa vidole viwili, kama anayetafuta stesheni ya redio. Mama alimkataza. Baba akamjibu kwamba kifua ni chake.

Miezi michache baadaye, Jumapili, katikati ya sala ya toba, Baba akapiga kwikwi. Ikafuata nyingine, na nyingine, kwa mwendo mmoja kama saa ya ukutani. Tumbo liliruka hadi vifungo vya koti vikatikisika.

Mzee wa kanisa akamwinamia. "Mwalimu, hata wewe rubisi?"

"Mi... kwi! Mimi?"

Nilijiziba mdomo kwa kitenge. Mama alimbana pua, kisha akainua mkono amshtue kwa kofi la mgongoni.

"Mama! Mgonjwa wa moyo hashtuliwi!" nikapiga kelele.

Kanisa likacheka. Baba akasimama ajitetee, akayumba, macho yakapinduka. Tulimdaka kabla hajafika chini, na hakuna aliyecheka tena.

Tukarudi Mwanza. Daktari, binti wa umri wangu, alituonyesha picha: waya ulikuwa umejiviringisha kwenye betri kama uzi kwenye kibiringo. Ncha yake ilikuwa imechomoka moyoni, sasa inagusa mshipa wa fahamu unaoendesha msuli wa pumzi. Ndiyo maana betri ilipiga kwikwi badala ya kupiga moyo.

"Shikamoo, mzee. Umekuwa ukiichezea?"

"Marahaba. Hata siku moja."

"Daktari," Mama akasema, "kijiji kizima kimeishika."

Baba akatazama dirishani. "Nilikuwa naikagua tu."

Wakaurudisha waya, na safari hii wakaishona betri kwenye msuli isizunguke tena. Kwikwi zikakoma siku ileile.

Mzee wa kanisa alikuja nyumbani kuomba radhi, amebeba mkungu wa ndizi. Baba alimkaribisha chai. Alimsamehe haraka, kisha, bila kugusia vidole vyake, akamwonyesha cheti cha hospitali na kumweleza kwa kirefu kwamba yule daktari, kwa mtu wa hospitali, ana mwandiko mzuri sana.