Siku Niliyousahihisha Mwezi wa Baba

Mimi ni mtu wa rula. Nimechora ramani za nyumba za watu kwa zaidi ya miaka ishirini, katika ofisi ndogo pale Mirongo, na ukinionyesha ukuta wako nitakuambia umekwenda upande kabla hujanikaribisha kiti. Ndugu zangu husema nina mdomo, na kweli ninao. Nayasema haya mapema nisije nikajipendelea huko mbele, maana kosa ninalotaka kulisimulia nililifanya mwenyewe, kwa mikono yangu, na nilimfanyia baba yangu.

Baba alikuwa mvuvi wa dagaa Ukerewe tangu ujana wake. Kiharusi kilimshika upande wa kulia. Miguu ilirudi baada ya wiki kadhaa, ulimi nao ukarudi ingawa ulikuwa ukiyaburuta maneno, lakini mkono wa kulia ulibaki unaning'inia tu kama shati lililoanikwa. Mama alikuwa amekwisha kututangulia. Basi nikavuka ziwa, nikamchukua, nikamleta kwangu Buhongwa ili awe karibu na hospitali. Hakutaka. Nilimwahidi kwamba mkono ukipona nitamrudisha nyumbani kwake, naye akakubali shingo upande. Ahadi yenyewe niliitoa harakaharaka tu, sikusema kupona ni kupona kwa namna gani.

Buhongwa hakuna ziwa. Kuna barabara ya Shinyanga na malori yake, kuna mabati ya majirani, kuna vumbi. Baba alikuwa akikaa barazani, kiti kimeelekezwa upande ambako alijua ziwa liko, japo katikati pana kilima kizima. Kila asubuhi nilipompa shikamoo aliitikia, "Marahaba, mama," kwa sababu nimerithi jina la mama yake na hajawahi kuniita vingine. Kisha ananyoosha ule mkono kadiri unavyonyooka na kuniuliza naonaje. Nami kila asubuhi nilimjibu kwamba bado bado.

Pale hospitali kulikuwa na dada wa mazoezi, binti mpole ambaye hata mimi nilishindwa kugombana naye. Alimpa baba mpira wa kuminya na maharage ya kuokota moja moja. Baba aliuminya mpira siku mbili, akauweka chini ya kitanda. Maharage aliyakataa papo hapo. Alisema yeye si kuku. Yule dada alicheka, lakini tulipokuwa tunatoka alinivuta pembeni, akaniambia mkono usiotumika husahau kazi yake, na miezi hii ya mwanzo ndiyo yenyewe. Ikipita, imepita. Akanishauri nimtafutie kitu chochote atakachokipenda, mradi vidole vifanye kazi.

Nilinunua rangi za maji kwenye duka la vifaa vya shule karibu na ofisi, kile kikasha cha rangi kumi na mbili wanachonunuliwa watoto, na brashi mbili, na karatasi ngumu. Nilipomwekea mezani baba alinitazama kama niliyemletea nepi. Sikubishana naye, ajabu kwangu. Niliviacha palepale nikaenda kazini. Siku ya tano au ya sita nilirudi jioni nikamkuta ameishika brashi kwa ngumi, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, maji yamemwagika mezani mpaka kwenye suruali, na karatasi nzima imekuwa nyeusi ya bluu isipokuwa mahali pamoja katikati alipopaacha vilevile, peupe. Nilimuuliza ni nini. Akasema ni mwezi. Nikamwambia mbona hujaupaka rangi. Akanijibu kwamba mwezi haupakwi, unapaka usiku, mwezi unauachia nafasi.

Jamani, nilifurahi. Nilikwenda jikoni nikalia kidogo kisha nikapika samaki.

Hapa lazima nieleze mambo ya mwezi kwetu. Dagaa huvuliwa kwa taa. Wavuvi huingia ziwani wakati wa giza, wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanaifuata ile taa, wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mpevu maji yote yanang'aa, na dagaa hawana haja tena na taa ya mtu. Kwa hiyo siku za mbalamwezi mitumbwi huvutwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, na wanaume wanakaa nyumbani. Watoto wenzetu wa shuleni walihesabu siku za Krismasi, sisi tulihesabu siku za mwezi kujaa. Ndipo baba alipokula nasi. Alitunyoa nywele mmoja mmoja uani, akatukagua madaftari, ingawa kusoma hakujua na sisi tulijua hakujua, tukamshikia daftari juu chini naye akasema vizuri, vizuri. Majirani walimtania mama kwamba watoto wake wote ni wa mbalamwezi, na ukihesabu miezi tisa kurudi nyuma huwezi kumtetea. Mpaka leo nikiona mwezi wa duara kamili, kitu cha kwanza kinachonijia ni harufu ya baba, sabuni ya kipande na moshi wa taa.

Sasa baba alichora mwezi kila siku. Hakuchora kitu kingine. Brashi ilitoka kwenye ngumi ikahamia kwenye vidole vitatu, na yule dada wa mazoezi alipoona alipiga makofi. Mimi nilipiga naye, lakini nitasema ukweli, ile miezi ilikuwa ikinikera. Yote ilikuwa na kasoro ileile. Upande wa juu umebonyea, bluu imeingia ndani, kama kichwa kilichonyolewa utosini. Kingo zimechuruzika. Nilimwelekeza, sana tu. Nilimwambia asubiri rangi ikauke, atumie maji kidogo, azungushe mkono kutoka kwenye bega. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akamwaga maji vilevile na kuchora uleule.

Basi Jumamosi moja alipokuwa amelala mchana nikauchagua mwezi mmoja, mzuri kuliko mingine, wenye anga zito lililotulia. Nilitaka kuutia fremu niutundike sebuleni. Nikauangalia ule ubonyeo pale juu, nikaona haiwezekani. Nikachukua bikari yangu ya kazini, nikauzungushia duara. Nikachukua ule wino mweupe tunaofutia makosa ofisini, nikaliziba bonde lote, tabaka mbili, taratibu, mpaka ukawa mwezi. Nikaupeleka kwa fundi wa fremu Igogo, akautia kioo. Jioni nikautundika, nikamwita baba.

Alisimama mbele yake muda mrefu, ameegemea fimbo. Alisema asante, mama. Kesho yake hakushika brashi.

Nilidhani amechoka. Ikapita wiki. Kikasha kikakaa mezani, rangi zikakauka zikapasuka. Nikimuuliza anasema atachora kesho. Wiki ya pili vidole vikaanza kujikunja tena kuelekea kiganjani, na yule dada alipovinyoosha baba alifumba macho kwa maumivu. Dada akanitazama mimi, siyo yeye, akaniuliza kumetokea nini nyumbani. Nilimjibu kwamba hakuna kilichotokea, na niliamini hivyo.

Tulipofika nyumbani nilimfokea baba yangu. Naona aibu kuandika, lakini nilimfokea. Nilimwambia nahangaika naye asubuhi na jioni, naomba ruhusa kazini mpaka wananichoka, halafu yeye anakaa kama mgeni aliyenuniwa, mkono unakufa anautazama. Nikamuuliza kama anataka kupona au hataki.

Aliniacha nimalize. Kisha akainua fimbo akaielekeza ukutani, kwenye ile fremu.

"Huo uliouchora wewe ni mwezi wa kukaa nyumbani," alisema. "Wangu ulikuwa wa kurudi ziwani."

Alinieleza polepole, maneno yakimwelemea. Mwezi ukishajaa, siku zinazofuata hukawia kutoka. Siku ya tatu au ya nne jua linazama na giza linashika kabisa kabla haujachomoza, giza la kutosha kuwasha taa na kuvuta wavu wa kwanza. Na ukichomoza wakati huo, mvuvi anautambua hata akiwa na usingizi, kwa sababu umeanza kuliwa upande wa juu. Hiyo ndiyo siku ambayo mitumbwi inasukumwa tena majini. Aliniambia nikalete picha zilizo chini ya godoro lake. Nilizitandaza sakafuni, zilikuwa zaidi ya arobaini, na zote zilikuwa za siku hiyo moja. Ule ubonyeo haukuwa mkono kuteleza hata kidogo. Ulikuwa mahali palepale kwenye kila karatasi, na ndipo mkono ulipotulia kuliko popote.

"Nilikuwa nachora siku yangu ya kwenda nyumbani," alisema. "Nikaona umeifuta, nikajua hunirudishi."

Nilijitetea. Nilisema sikujua, na kwamba nangoja mkono upone kama tulivyoahidiana. Baba akauweka ule mkono juu ya goti langu, mzito, vidole nusu vimefungwa.

"Mama, mkono huu ndio umekwisha kupona. Hapa ndipo unapofika. Mimi nimeshaukubali, ni wewe tu unayeungoja."

Nilitaka kumwambia kwamba kule nyumbani atakuwa na kaka na wifi, mke wa kaka, ambaye atamjaza chumvi kwenye mboga, na hospitali iko mbali. Hayo yote yalikuwa kweli. Lakini kweli zaidi ni kwamba nilizoea kumkuta barazani kila jioni. Utoto wangu wote nilimpata kwa siku chache chache, mwezi ukipungua ananiondokea, na sasa nilikuwa naye miezi mfululizo bila giza kumdai. Bikari ile haikuteleza. Nilimzungushia baba duara abaki ndani.

Niliishusha fremu, nikaitoa picha. Nikajaribu kuubandua wino mweupe kwa wembe nimrudishie mwezi wake, na wino ukatoka na karatasi, ukaacha tundu unaloweza kupitisha kidole. Baba alichungulia upande wa pili wa tundu akacheka mpaka akakohoa. Alisema sasa nimeuua kabisa. Siku ileile aliomba maji ya rangi.

Nilimrudisha baada ya wiki mbili, baada ya yule dada kunifundisha mazoezi ya kumwelekeza wifi na kunipa ratiba ya kumleta kliniki. Kwenye meli baba alikaa nje upepo ukimpiga, hakutaka kuingia ndani. Asubuhi ya kwanza nyumbani alitaka kushuka mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, kuwasalimu wenzake. Alijivika shati mwenyewe. Nilisimama mlangoni nikimwangalia akihangaika na vifungo, kimoja baada ya kingine, chai yangu ikapoa mkononi. Alipomaliza alikuwa amekosea tundu la kwanza, kwa hiyo yote yalikuwa yamekwenda upande, kola moja juu sikioni, pindo moja limening'inia. Mikono yangu iliwasha, nawaambia. Niliifunga nyuma ya mgongo, nikashikilia kidole kwa kidole. Baba akapita mbele yangu na fimbo yake, shati limepinda, akateremka kuelekea majini polepole, na wanaume waliokuwa wakianika dagaa wakasimama kumpokea. Hakuna hata mmoja aliyelitazama lile shati.

Niliporudi Buhongwa nyumba ilikuwa pana mno. Kiti chake kilikuwa barazani, kikasha cha rangi mezani. Alikwenda na brashi moja akaniachia ya pili. Jumapili alasiri nilikaa pale. Sijawahi kuchora kitu bila rula tangu nikiwa sekondari, na sijui nilipata wapi ujasiri. Nikapaka usiku. Maji yalikuwa mengi mno, bluu ikakimbilia ilikotaka, ikaingia kwenye mwezi kutoka kushoto na kutoka chini, nikaiinamisha karatasi kuizuia, ikaingia hata kutoka kulia. Zamani ningeichana. Niliiacha ikauke ilivyo, kitu kama kiazi kilichoumwa na panya, nikakiangalia nikajikuta natabasamu peke yangu kama kichaa. Nikakipiga picha kwa simu nikamtumia wifi ili amwonyeshe baba.

Jibu lilichelewa mpaka nikaanza kujilaumu. Kisha wifi akaandika: "Baba ameuangalia sana. Anasema mwezi kama huo hajawahi kuuona ukitoka, hapa wala kokote. Anasema uulete wewe mwenyewe, usimpe mtu."