Stika Iliyokwenda Upande

Likizo ya Agosti, nikiwa kidato cha tatu, mama alikuwa ameshapanga: niende Kileleshwa nikamlee mtoto wa shangazi. Hakuniuliza. Mimi siulizwi vitu vingi kwa sababu nikiulizwa nanyamaza, na kwetu mtaani Jamhuri kunyamaza kunahesabiwa kuwa ndiyo.

Aliyenipa nafasi ni anko, mdogo wake baba, mwenye duka la mabango orofa ya pili huku tao, katikati ya jiji, upande wa River Road. Alimwambia mama, "Niachie huyu mpaka Ijumaa. Akiweza kukata stika peke yake, anabaki na mimi likizo yote. Akishindwa, mpeleke kwa mtoto."

Nilitaka sana kubaki. Si kwamba nampenda sana anko, ingawa nampenda. Ni kwamba kwa shangazi wageni hawakatiki, na kila mgeni anataka kujua mbona huyu msichana haongei. Mashine haiulizi.

Mashine yenyewe tunaiita plota. Unaandika maneno kwenye kompyuta, unaingiza stika, vigurudumu viwili vya mpira vinaibana na kuivuta mbele na nyuma, na kisu kidogo kinachora herufi. Shida iko kwenye kuingiza. Stika ikiingia imepinda hata kiasi cha unene wa ukucha, mwanzoni huoni kitu. Inavyozidi kwenda mbele ndivyo inavyozidi kwenda upande, mpaka inachomoka chini ya kigurudumu na kazi imeharibika.

Ijumaa ikafika. Saa tatu na nusu asubuhi anko alibeba ngazi, alikuwa na bango la kufunga Loresho. "Mami," akaniambia. Huniita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Kazi ni moja tu. KWAYA YA AKINA MAMA, mstari mmoja, mita tatu. Stika ni hiyo ya rangi ya damu ya mzee, hakuna ingine. Gari lao linakuja saa saba, wakitoka hapa wanaenda Nakuru kwa mashindano. Ipitishe yote kwanza bila kisu, uone kama inanyooka. Na ikianza kwenda upande, usiishike. Umesikia? Usiishike."

Nikaitikia kwa kichwa.

Sikuipitisha. Sitasingizia kitu. Nilikaa, nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi, nikatafuna kucha ya kidole gumba mpaka ikauma. Kungoja mita tatu zitoke na zirudi bila kukata chochote niliona sitaweza. Nikapanga ukingo wa kushoto ufuate mstari uliochorwa kwenye mashine, kama nilivyomwona anko akipanga, nikabonyeza.

KWAYA ikatoka safi. YA pia. Kwenye AKINA nikaona ukingo umeanza kuuacha mstari. Nikajiambia itarudi. Haikurudi. Kufika herufi ya N stika ilikuwa imetoka upande kama shati lililochomoka, na mkono wangu, naapa nilikuwa nauona tu kama wa mtu mwingine, ukaenda ukaishika. Kisu kikapasua stika na karatasi yake. MAMA ikakatwa nusu juu ya stika, nusu juu ya hewa.

Simu ya duka ikalia. Anko.

"Imetoka?"

"Imetoka."

"Uliipitisha kwanza?"

"Ee."

Nikakata simu, nikaviringisha ile stika, nikaisukuma chini ya meza nyuma ya makopo ya rangi. Saa tano kasoro. Nilizunguka ile meza sijui mara ngapi. Mtu wa kuuliza alikuwa mmoja tu, muuza stika wa duka la chini, na wiki nzima nilikuwa nikipitia ngazi za nyuma ili asinisalimie. Ana sauti ya kusikika mpaka barabara ya pili.

Nikashuka ngazi za mbele.

"Siste! Leo umekuja mwenyewe? Niaje?"

"Poa." Sikusikia sauti yangu, nikarudia. "Nataka damu ya mzee. Mita tatu."

"Imeisha. Kuna kipande tu, mita mbili, nusu upana, kama ile nilipasulia mzee wako wa juu. Kwani ile imeenda wapi? Mmekula?"

Wateja wawili wakageuka kuniangalia. Miguu ilitaka kuondoka. Nikasema, "Ilienda upande."

"Ulifuata ukingo gani?"

"Wa kushoto."

Alicheka akashika kaunta, kisha akakitandaza kile kipande. "Wa kushoto ni wangu huo! Hapo nimepasua na wembe, kwa macho, nikibishana na watu. Si unaona vile inacheza? Huu mwingine ndio wa kiwanda, haujaguswa. Mzee wako kabla ya kuingiza hupitisha kidole kila upande. Hujawahi kuona?"

Nilikuwa nimeona. Kila siku. Nilidhani anafuta vumbi.

Nikapitisha kidole hapo hapo kwenye kile kipande. Upande mmoja ulikuwa laini kama ukurasa wa Biblia mpya, mwingine ulikuwa na vimeno.

"Ni makombo hayo, beba tu," akasema. "Lakini kesho unisalimie kama mtu."

Nikiwa ngazini nikakumbuka: kwenye stika iliyoharibika, KWAYA ilikuwa nzima. Mita mbili zingetosha maneno yaliyobaki.

Safari hii niliufuata ukingo wa kiwanda. Mkia wa stika nikaulegeza ndani ya katoni tupu nyuma ya mashine, usivute. Nikaipitisha yote bila kisu huku nimeikalia mikono yangu. Mwishoni ilikuwa imehama kidogo. Nikalegeza vigurudumu, nikasogeza, nikaipitisha tena. Ikanyooka. Nikarudia mara ya tatu kwa sababu sikuamini, kisha nikabonyeza.

Herufi ya mwisho ilikuwa inamalizika anko alipoingia, kabla ya saa saba, na nyuma yake mama mmoja wa kwaya amevaa gauni la damu ya mzee, anahema kwa ngazi.

"Mbona YA AKINA MAMA?" anko akauliza. "KWAYA iko wapi?"

Yule mama akasema, "Kwani sisi ni akina mama wa nini, wa soko?"

Ningesema bado sijaikata. Lakini stika ilikuwa imeisha na anko ana macho. Nikapiga magoti, nikaingia chini ya meza, nikaitoa, nikaikunjua juu ya meza mbele yao wote wawili. KWAYA safi, halafu ule uharibifu.

"Ulisema uliipitisha kwanza."

"Sikuipitisha. Na niliishika. Na nikakudanganya."

Anko akapitisha kidole ukingo huu, akapitisha ule. Akachukua makasi, akakata baada ya KWAYA, akaniletea nitoe mabaki yaliyozunguka herufi. Tulishuka barabarani tukaibandika ubavuni mwa gari lao, yeye akishika kamba ya kupimia, mimi nikisugua. Ukisimama karibu utaona nafasi kati ya KWAYA na YA ni kubwa kidogo. Akina mama hawakuiona. Waliondoka wakiimba.

Anko akampigia mama. "Ameharibu stika. Halafu ametengeneza. Hapana, hakuwa peke yake, aliuliza mtu." Akasikiliza. Kisha akanipa simu. "Mwambie mwenyewe unataka nini."

Nikamsikia mama akipumua. "Nataka kubaki," nikasema.

Akanyamaza. Kwetu kunyamaza ni ndiyo. Nikakata simu kabla hajasema neno.